Shukrani ya Jicho Moja

Mtu aliyerudishiwa macho hutarajiwa aone kwanza mambo makubwa: mbingu, uso wa mwenziwe, watoto wa watu wakicheza. Mama Futi alipofunguliwa bendeji na kurudishwa nyumbani, kitu cha kwanza alichokiona sawasawa kilikuwa mshono wake mwenyewe, nao ulikuwa umepinda.

Alikuwa ameketi kibarazani mbele ya duka lake la ushonaji, mto mgongoni, akiitazama njia kwa jicho la kulia kama mtu anayetazama sinema aliyokuwa akisimuliwa tu na wenzake. Akapita mke wa mwenye duka la dawa ndani ya gauni la zambarau. Gauni lile Mama Futi alilijua kwa vidole. Alilishona yeye, siku zile dunia nzima ilipokuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Sasa alilisoma kwa jicho. Bega la kushoto lilikuwa limepanda kama linauliza swali. Pindo lilikwenda likiyumba kama mlevi anayetafuta kwake. Zipu ilikuwa imekaa vizuri kabisa, isipokuwa ilikuwa imeshonewa kwa uzi mweupe.

"Unaona lilivyonikaa?" mwanamke yule alisema, akajizungusha ili aonekane pande zote.

"Naona," alisema Mama Futi, akaanza kulia.

Mke wa mwenye duka la dawa alidhani ni machozi ya furaha, akaketi kando yake akamsaidia kulia.

Jina la Mama Futi halikutokana na mtoto. Watoto wake walikuwa na majina yao, na miji yao ya mbali. Lilitokana na futi, ule utepe wa kupimia ambao aliuvaa shingoni tangu asubuhi mpaka kulala, na ambao inasemekana aliwahi kwenda nao msibani. Alikuwa fundi wa nguo za kike, na alikuwa na kanuni moja tu maishani: kitambaa hakikatwi mpaka mwenye mwili apimwe. Bibi harusi alimpima mara mbili, na mara ya pili alimtoa mama mtu nje kwanza, kwa kuwa kuna viuno visivyosema kweli mbele ya wazazi.

Kisha akaja mtoto wa jicho, ugonjwa ambao kwa jina ungedhani ni wa kubembelezwa. Ulikuja macho yote mawili, taratibu, bila maumivu, kama mgeni anayehamia kwako kwa kuacha kila siku mfuko mmoja wa nguo. Mama Futi aliendelea kushona kwa sababu wateja waliendelea kuja. Walileta vitambaa, wakachukua nguo, wakasema asante. Sasa ndipo alipoelewa. Mtaa mzima ulikuwa umeuvaa upofu wake, ukaenda nao sokoni, kazini na kwenye nyumba za ibada, na hakuna aliyerudisha hata kishikizo.

Mumewe alikuwa kinyozi, mwenye kijumba cha kunyolea ukuta kwa ukuta na duka lake. Alimwita.

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba nashona upande."

Kinyozi alipuliza nywele kwenye kitana. "Mke wangu, mimi ni kinyozi. Mambo ya chini ya shingo si yangu."

Hasira ilimwisha kabla chai haijapoa. Ikabaki shukrani, nayo ilikuwa kubwa kuliko mahali pa kuiweka. Aliwashukuru majirani kimoyomoyo, mmoja mmoja, kwa mabega yao yaliyopanda. Alimshukuru Mungu kwa mambo ambayo waliozaliwa na macho mazima hawajui kama ni habari: mvuke mwembamba unaotoka pasi ikigusa kitambaa chenye unyevu, vumbi la chaki likitua kwenye meza, tundu la sindano. Tundu la sindano hasa. Asubuhi moja alikaa akatunga uzi, akauchomoa, akautunga tena, akauchomoa, hana nia ya kushona chochote, mpaka mumewe akachungulia.

"Kuna shida?"

"Hakuna. Nasali."

Lakini jicho la kushoto lilikuwa bado kwenye foleni ya hospitali, na foleni ya macho huenda polepole kwa kuwa wengi waliomo hawaoni kama imesogea. Hili ndilo lililoanza kumkosesha usingizi. Aliona haya kwenda kuomba la pili kabla ya kushukuru kwa la kwanza.

"Hata mtoto akipewa pipi," alimwambia mumewe, "huambiwa aseme asante kabla ya kunyoosha mkono tena."

"Umeshasema. Nakusikia tangu alfajiri, wewe na sindano yako."

"Nimesema. Sijafanya."

Ndani kabisa kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia hata kinyozi. Aliogopa. Mwenye kutoa ndiye mwenye kunyima, alijiambia, na mtu aliyekaa kizani mwaka mzima hachezi na Mwenye swichi.

Akapanga. Mungu amempa jicho. Jicho la fundi kazi yake ni kushona. Mungu mwenyewe hana mwili wa kuvishwa. Basi washonewe watu Wake ambao miili wanayo na nguo hawana. Nyuma ya kiwanda cha sabuni kulikuwa na nyumba ya akina bibi, wazee wasio na watu, au wenye watu walio na shughuli nyingi. Nyumba ile ilikuwa imezoea kupokea shukrani za wengine. Aliyefaulu mtihani alileta kitu, aliyepona alileta kitu, aliyeshinda kesi alileta kitu na mpiga picha. Wengi, kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kuichunguza, walileta saa. Saa za ukutani zilikuwa nyingi kuliko kuta, na kila moja ilikuwa na maoni yake kuhusu wakati. Nguo zilikuja pia, ndani ya magunia: za vijana wembamba, za wacheza mpira, na safari moja joho la mahafali. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, nao hawakuwa wameliona joho la mahafali likivaliwa kufulia.

"Nitawashonea magauni mapya," alisema Mama Futi. "Kila mmoja lake. Yawe yametoka kwenye cherehani yakaenda mwilini, hayakupitia kwa mtu."

Akanunua jora zima la kitambaa cha buluu chenye maua madogo meupe.

"Rangi moja wote?" aliuliza kinyozi.

"Ili wasigombane."

Siku hiyohiyo hospitali walipiga simu: zamu ya jicho la kushoto ingefika baada ya wiki mbili, na atakayekosa siku yake atarudi mkiani. Daktari alimruhusu kushona, mradi asiiname sana na asilie.

Hapo ndipo Mama Futi alipofanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu alipokabidhiwa mkasi. Alikata bila kupima. Sababu alikuwa nazo, maana mtu anayevunja kanuni yake mwenyewe hakosi sababu. Muda ulikuwa mfupi. Kwenda na futi ni kutangaza zawadi kabla haijawa zawadi. Kumsimamisha bibi kizee umzungushe utepe kiunoni ni kumsumbua. Na sababu ya mwisho, ambayo haikupita mdomoni, ilikuwa kwamba mtu anayepewa bure hategemei kwapa limkae vizuri.

"Mwili wa bibi ni mwili wa bibi," alijiambia, akatandika kitambaa mezani.

Mkasi ulikwenda wenyewe. Mikono iliyofanya kazi mwaka mzima bila msaada wa macho ilikuwa imezoea kutoulizwa. Ilikata kifua hapa, nyonga pale, ikaongeza kidogo upande huu, ikapunguza mgongoni, gauni baada ya gauni, yote sawasawa, bila kusita. Jicho la kulia lilikuwa na kazi moja tu, kuhakikisha mshono unanyooka, nalo liliifanya kwa furaha ya mtumishi aliyerudishwa kazini. Mishono ilinyooka kama miale. Alipomaliza lile la mwisho aliliinua mbele ya dirisha, akaona kwamba katika maisha yake yote hajawahi kushona vizuri namna ile. Alilipiga pasi akiimba.

Siku ya kupeleka, matroni wa nyumba ile, mwanamke mpana mwenye funguo nyingi, aliwapanga akina bibi ukumbini. Alitoa hotuba fupi ya kumshukuru mfadhili. Alikuwa nayo moja kwa wafadhili wote, akibadilisha tu jina la kitu, ndiyo maana alishukuru mara moja kwa saa kabla ya kujirekebisha. Akina bibi wakaenda kuvaa, wakarudi mmoja mmoja, wakasimama ndani ya buluu kama kwaya ambayo haijakubaliana waimbe nini.

"Asante, mwanangu."

"Mungu akuzidishie."

"Akupe na lile jingine."

Mama Futi alipokea kila dua kwa mikono miwili. Hasa ile ya mwisho. Moyo ulikuwa umejaa, na alikuwa anajiambia kwamba sasa anaweza kwenda hospitali uso ukiwa juu, mlango ulipofunguka akatoka bibi wa mwisho.

Alikuwa mkunga zamani, kabla mgongo haujapinda, na wote walimwita Bibi Mkunga. Mtu mdogo, bega moja chini ya jingine, mkono wa kushoto mfupi kidogo kwa kuvunjika ukaungwa vibaya. Gauni lilimfika kwenye vidole vya miguu. Mikono ya gauni ilimeza mikono yake. Kifuani palikuwa na nafasi ya kuhifadhi mizigo. Alitembea polepole mpaka mbele ya Mama Futi, akainua pindo ili asijikwae, akamtazama.

"Asante, mwanangu. Gauni zuri. Mshono umenyooka, sijaona mshono kama huu. Sasa niambie mwenyewe ni nani, nimpelekee."

Wenzake wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa sababu matroni alikuwa anatazama.

"Ni lako, bibi," alisema Mama Futi.

"Hapana. Hili lina mtu wake." Bibi Mkunga alilishika gauni kwa nje kama anayechunguza mimba. "Tazama. Mikono mirefu, huyu anafikia vitu juu ya kabati bila kigoda. Kifua kikubwa, amenyonyesha, na wengi. Nyonga ya kulia imetoka, watoto alibebea huku. Mgongo mfupi. Kiuno umekiachia, hakupenda kubanwa. Mimi nimezalisha mji huu nusu yake, mwili nikishaushika siusahau. Huyu simjui. Ni nani?"

"Bibi!" alisema matroni, funguo zikalia. "Mtu amekuletea zawadi!"

"Nami nimesema asante. Nimeanza na asante. Hukusikia?"

Mama Futi alikuwa anawatazama wengine. Bibi mmoja alikuwa amegeuka kuzungumza na mwenziwe, na mgongo uliokuwa ukimwelekea, mfupi, mpana, na ule mkunjo wa kitambaa chini ya shingo, aliujua. Mwingine alikuwa anajaribu kukaa, na gauni likajikusanya nyongani kwa namna ambayo aliiona utotoni kila jioni. Ukumbi mzima ulikuwa umejaa mtu mmoja. Alikuwa dirishani, alikuwa mlangoni, alikuwa ameegemea meza akijifuta pua.

"Ni mama yangu," alisema.

"Aha. Yuko wapi?"

"Alifariki. Mwaka jana."

Bibi Mkunga aliachia pindo, akautafuta mkono wake ndani ya mkono wa gauni, akautoa, akamshika kiganja.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Basi ndiyo maana halinikai."

Kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi mkewe alipoingia, akaketi kwenye benchi la wateja bila kuvua viatu.

"Wamekataa?"

"Wamepokea. Wote. Kwa shangwe."

"Sasa?"

"Nimemshukuru Mungu kwa kuwavisha watu marehemu."

Alimweleza. Mteja aliyekuwa ananyolewa alisikiliza pia, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Mama yake Mama Futi alifariki katika ule mwaka wa maji ya mchele. Mwanawe alimuuguza kwa kumpapasa, akamzika bila kumwona uso sawasawa. Sasa mikono, ilipoambiwa kata gauni la bibi, ilikata la bibi pekee iliyemjua.

"Mungu huangalia nia," alisema kinyozi.

"Huyo hapo ukimnyoa kwa kipimo cha kichwa cha baba yako, utamwambia Mungu huangalia nia?"

Mteja alijigeuza kidogo ili asikie jibu.

"Nitamwambia zitaota," alisema kinyozi.

"Nguo haioti, bwana."

Alikwenda kulala mapema, ila hakulala. Mawazo mawili yalikuwa yakigombania mto mmoja. La kwanza lilikuwa lile la hofu: wiki moja imebaki, shukrani imeharibika, na kama yeye angekuwa ndiye Mungu, akaona jinsi lile la kulia lilivyoshukuriwa kwa jumla, kama mtu anayegawa sare za shule, angefikiria upya habari za la kushoto. La pili lilikuja nyuma yake kimyakimya. Tangu msiba ule alikuwa anajilaumu kwamba hakumwona mama yake mwishoni. Leo amemwona. Amemwona kwa jicho zima, mchana, mgongo na nyonga na yote, wala hakuwa ameomba. Alilala juu ya shukrani hiyo ya pili, ambayo haikuwa kwenye mpango, na asubuhi akachukua futi, chaki na pini, akaenda nyuma ya kiwanda cha sabuni.

"Yavueni," aliwaambia. "Nimekuja kupima."

Wengi wao hawakuwa wamepimwa na fundi kwa miaka mingi. Waliokuwa wakiwashika ni wauguzi, nao hupima mambo mengine. Futi ilipowazunguka walisimama wima, wakavuta pumzi, na matumbo ambayo hayajaona sababu ya kuingia ndani tangu zamani yaliingia.

"Pumua, bibi. Sitaki namba ya uongo."

"Hii ndiyo namba yangu."

"Hii ndiyo namba yako ya usichana. Pumua."

Kisha likatokea jambo ambalo matroni hakulitarajia na hakulipenda. Akina bibi wakawa na maoni. Mmoja alitaka mfuko wa ndani, wa kuwekea meno. Mmoja alitaka gauni refu kwa sababu ya miguu yake, jirani yake akalitaka fupi kwa sababu hiyohiyo, maana miguu, alisema, ndiyo iliyobaki. Mmoja alisema buluu humfanya aonekane mgonjwa. Mwenziwe akamwambia si buluu.

"Kola hii hapana," alisema mwingine. "Inanifanya kama ngamia."

"Nitaitoa."

"Itoe yote. Na vifungo viwe mbele. Umeona wapi mzee wa mikono yangu akafunga vifungo mgongoni?"

"Kweli, bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe, lakini vihamishe."

Matroni alimvuta Mama Futi pembeni kumwomba radhi. Hawakuwa hivi, alisema. Walikuwa watu wa shukrani sana. Mama Futi alisema haina neno. Alikuwa ameanza kuelewa kitu, naye alikielewa kifundi. Aliyekupa huwezi kumlalamikia. Ukimlalamikia wewe ni mtovu wa fadhila. Fundi unaweza. Fundi umewekewa ulimwenguni kwa kazi hiyo. Wazee hawa walikuwa wamepokea, mwaka baada ya mwaka, viatu visivyo na wenzao na saa zisizokwenda, wakasema asante mpaka midomo ikaota sugu, na hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kusema kwapa linabana. Wiki ile alitukanwa kuliko alivyowahi kutukanwa na mteja mwenye pesa, akarudi nyumbani kila jioni anaimba.

Kazi ilikuwa kubwa. Magauni yalipaswa kufumuliwa, na mishono iliyonyooka namna ile haifumuki kirahisi. Alijuta kushona vizuri. Kinyozi alitoa nyembe mpya, akakaa akifumua kati ya kichwa na kichwa. Alidai kwamba ni kazi ileile, ila nguo haisogei wala haikuulizi habari za siasa. Gauni moja, lile la Bibi Mkunga, Mama Futi hakulifumua. Alilikunja kama lilivyo, akaliweka sandukuni. Jora lilikuwa na kipande kilichobaki.

Kipande hicho kilikuwa cha Bibi Mkunga, aliyekataa kupimwa mpaka wote waishe. "Mkunga huoga wa mwisho," alisema. Mwili wake ulikuwa mgumu kuliko yote. Bega hili lilikwenda huku, mgongo ule, na futi ilipopita pale mgongo ulipopinda, Mama Futi aliona kwamba bibi amefumba macho.

"Nakuumiza?"

"Hapana. Mafundi wote huruka hapo. Wanapima mbele, halafu wanabahatisha." Akafumbua macho. "Sasa niambie. Taabu yote hii ni ya nini?"

"Namshukuru Mungu, bibi. Kwa jicho."

"Na ukimaliza?"

"Nakwenda kutibiwa la pili."

"Aa. Kumbe unalipa nauli."

"Si nauli!" Mama Futi alisema, pini mdomoni. Kisha, kwa kuwa ni vigumu kudanganya mtu ambaye umemshika mgongo: "Naogopa. Nikienda kabla sijamaliza, naogopa Mungu ataona nimemchezea."

Bibi Mkunga alicheka mpaka chaki ikapotoka.

"Mwanangu, mimi nimekaa na wanawake kwenye uchungu maisha yangu yote. Pale hakuna asiyemwahidi Mungu kitu. Huyu ataacha masengenyo, yule ataacha mume. Mtoto akishatoka wanasahau, hata jina langu wanasahau. Na sijaona hata siku moja Mungu akimrudisha mtoto ndani."

Mama Futi alisimama na futi mikononi.

"Pima hapa tena," alisema bibi. "Nilikuwa nacheka."

Usiku wa kuamkia siku ya hospitali uliwakuta akina bibi wote wamevaa, isipokuwa gauni moja lilikuwa na mkono mmoja. Uliokosekana ulikuwa ule mfupi wa Bibi Mkunga, ambao Mama Futi alikuwa ameukata, akaujaribu, akauona haujakaa, akautoa. Kipande kilichobaki kilitosha kujaribu mara moja zaidi, si mara mbili. Alisema atawaomba hospitali wasogeze siku.

"Wasogeze wapi? Mkiani?" alisema kinyozi. "Na huo mkono utaushona na jicho gani mwakani?"

Kwa hiyo alikwenda, shukrani yake ikiwa na upungufu wa mkono mmoja, na ajabu ni kwamba njia nzima alikuwa akiitafuta ile hofu yake kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta ufunguo, asiipate.

Kwenye benchi la kusubiria, chumba cha macho, walikuwa wameketi wagonjwa wenye bendeji na wasindikizaji wao. Mwishoni kabisa, karibu na matroni aliyekuwa amekasirika kwa kuamshwa mapema, aliketi Bibi Mkunga ndani ya gauni la buluu lenye maua meupe. Bega lilikaa palepale bega lilipo. Mgongo ulifuata mgongo. Mkono wa kulia ulikuwa kamili. Wa kushoto ulikuwa wazi, na shali juu yake.

"Bibi! Umefuata nini huku?"

"Mali yangu. Ukipata matatizo huko ndani, mkono wangu atamalizia nani? Huyu?" Alimtazama kinyozi. "Huyu ataunyoa."

Kinyozi alikubali kwamba kuna uwezekano.

Nesi alitoka na faili, akaita. Akamwona bibi akiinuka pamoja na mgonjwa. "Mama, huyu ni nani wako? Bibi yako?"

"Mteja wangu," alisema Mama Futi.

"Wateja hawaingii."

"Siingii," alisema Bibi Mkunga. "Nina neno moja tu, si lako." Akainua uso kuelekea dari la hospitali, ambapo palikuwa na taa ndefu inayopepesa, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika nyuma ya milango: "Mungu, lile jicho tumeliona, tunakushukuru, limefanya kazi nzuri. Hili nalo tunalihitaji. Mkono bado. Amina."

"Amina," walisema wenye bendeji kwenye benchi zima, bila kujua ni mkono gani.

Mama Futi aliingia. Walimlaza, wakamfunika uso kitambaa cha kijani chenye tundu, akatiwa dawa, taa ikasogezwa karibu. Daktari aliinama, akangoja, akainuka.

"Mama, nakuomba uache kucheka. Jicho halitulii."

Mama Futi alisema anajitahidi.